Anti, kampuni yetu ya korosho inakua ila lile daftari letu naogopa kulifungua

Shikamoo Anti. Nina miaka 43, mama wa watoto watatu, niko mkoa wa Mtwara, wilaya naomba uniachie maana huku watu wa korosho tunajuana wote. Naandika usiku huu sababu nimelala nikaamka, na hii ni wiki ya tatu naamka hivi.

Mwaka 2013 tulikuwa wanawake wanne, mimi, mdogo wangu wa tumbo moja na mashoga zetu wawili, tukaanza kubangua uani kwa mama chini ya mkorosho wake. Hatukuwa na kitu. Tunachoma kwenye karai lililotobolewa, ule moshi wake unaujua Anti, unakaba koo, tunajipaka majivu mikononi ili mafuta ya ganda yasituunguze na bado yalituunguza, mpaka leo vidole vyangu viwili ngozi yake sio ya kawaida. Kilichotusukuma kwa kweli ni uchungu. Kila msimu tunaona malori yanashuka bandarini na korosho ghafi, zinapanda meli kwenda India na Vietnam, wanakwenda kubangua wenzetu huko, sisi wenye mikorosho tunabaki kufagia majani.

Basi siku moja tumechoka tumekaa, shoga yangu mmoja akatoa daftari la shule la mwanae tukaandika. Kwamba korosho yetu itapimwa kwa mizani ya halali na mkulima atalipwa haki yake, kangomba hatutaigusa, ule ununuzi wa kificho unaompunja mkulima kwa kipimo au kwa kumkopesha kabla ya msimu. Kwamba aliyebangua leo atalipwa leo. Kwamba mwenye mtoto mchanga hatarudishwa nyumbani. Na kwamba hata tukija kuwa wakubwa vipi, anayelipwa zaidi hatapata zaidi ya mara nne ya anayelipwa kidogo. Wote wanne tukasaini, aliyekuwa hajui kuandika akaweka dole gumba.

Sasa hivi tuko 110. Tuna boila ya mvuke, moshi ule hakuna tena, tuna mashine za mezani za kukanyaga kwa mguu, tanuri la kukaushia, chumba cha kuchambua madaraja. Tulisajili kampuni BRELA mwaka 2017, mimi nina hisa asilimia 40 wenzangu ishirini ishirini. Yule aliyetoa daftari alifariki 2020, Mungu amrehemu, hisa zake anazo mwanae wa kiume yuko Dar.

Amekuja mwekezaji. Sio mtu mbaya, amekuja mara tatu, amekaa na sisi amekula ugali wa muhogo na kisamvu bila kuringa. Anataka asilimia 60. Atatuletea mtaji na mashine za kubangua za umeme, na ana mnunuzi wa nje anayetaka kontena moja la futi 20 kila mwezi, kama tani 16 za zilizobanguliwa. Ila anasema malipo yawe ya mwezi kwa kila mtu, watoto wasionekane kiwandani, na aje meneja mkuu wake ambaye mshahara wake nikiutaja hapa utashtuka. Wabanguaji karibu nusu hawatahitajika.

Mdogo wangu anasema tukubali, kwamba nafasi kama hii hairudi. Shoga yangu aliyebaki anasema tukisaini yeye anatoa hisa zake siku hiyo hiyo na tusimsalimie. Yule kijana wa marehemu anataka auze tu apate hela. Kwa hiyo wote wananitazama mimi.

Anti kuna kitu sijamwambia mtu. Msimu uliopita mwezi wa pili korosho ziliisha ghalani, minada imeshakwisha, hela ya kununua akiba kubwa mapema hatukuwa nayo, na kina mama 110 wanakuja asubuhi wanakaa wananiangalia. Kuna mtu akanipigia ana tani 6. Nilijua ni za kangomba. Zilikuja usiku nikawaambia wenzangu nimepata mabaki ya ghala fulani. Kesho yake dada mmoja anayebangua kwetu tangu 2015 alishika gunia moja, lilikuwa limeshonwa mdomo kwa uzi mwekundu, akaliangalia sana, akaniangalia mimi, akainama akaendelea na kazi. Baadae nikajua mjomba wake ndio anashona hivyo. Huyo mjomba alichukua hela kwa mtu wa kangomba mwezi wa nane ana mgonjwa ndani, msimu ulipofika korosho zake zote zikaenda. Huyo dada hajawahi kuniambia neno. Ananiamkia kama kawaida.

Sasa hata nikisema nakataa mwekezaji kwa ajili ya daftari, nitalisema kwa mdomo gani? Na nikikubali naona marehemu ananitazama. Nisaidie Anti.

Mama wa Korosho

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma jana jioni nikairudia leo alfajiri, na pale kwenye uzi mwekundu nilisimama muda mrefu.

Ngoja nikurudishie nilivyokuelewa, nikikosea utanisahihisha. Mnacho kitu mlichokijenga kwa mikono iliyoungua, kimekua kuliko uwezo wa mifuko yenu, na aliyekuja na hela anakuja pia na utaratibu unaogongana na ahadi zenu nne. Ndugu zako wamegawanyika. Na juu ya hayo wewe mwenyewe unajiona umeshaivunja ahadi mojawapo, kwa hiyo unahisi huna haki ya kuitetea. Hayo ni mambo mawili tofauti, ila kwako yameshonwa gunia moja.

Umeandika kama vile daftari litachanika siku mwekezaji akisaini. Mi niliposoma, sikuona hivyo. Kangomba imeshaingia na yeye hajafika. Na aliyebangua leo, je, bado analipwa leo? Hukusema. Sasa kina mama 110 kulipwa kila jioni naona vigumu, nahisi mlishahamia kwa wiki au wiki mbili, pengine kwa simu, pengine kwa sababu nzuri kabisa za mahesabu. Kama nimekosea unisamehe. Ila kama ni kweli, jiulize siku mliyobadilisha mliitisha kikao mkalifungua daftari, au ilitokea tu?

Nauliza kwa sababu nimeiona hiyo. Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima upande wa Newala miaka mingi. Tulipoanza, mwenyekiti wetu kila asubuhi ya kupokea korosho alikuwa anaweka jiwe la kilo 20 kwenye mizani mbele ya wakulima wote, wanaona linasoma 20, ndio tunaanza kupima. Hakuna aliyemuagiza. Baadae chama kikakua, vijiji vikaongezeka, foleni ndefu, tukasema mizani tutaikagua ofisini jioni tuokoe muda. Na tulikuwa tunakagua kweli, hakuna aliyeiba hata kilo moja mwaka ule. Lakini mkulima haoni tena. Minong'ono ikaanza, na msimu wa pili yake nikaona watu wanaopita mbele ya ghala letu na baiskeli zimebeba magunia wanakwenda kwa mtu wa kangomba, ambaye kipimo chake wanajua fika kinawapunja, ila angalau hela wanaiona. Nilipata uchungu mkubwa sana. Hatukuacha uaminifu, tuliacha kuuonyesha, na sikujua kama ni kitu kimoja mpaka tulipowapoteza.

Kwa hiyo tuziangalie ahadi zenu moja moja, maana naona hazifanani.

Ya watoto. Mlipoandika mwenye mtoto mchanga asirudishwe nyumbani mlikuwa uani kwa mama chini ya kivuli, mtoto analala kwenye kanga pembeni. Sasa hivi kuna boila, kuna tanuri, kuna yale mafuta ya ganda unayoyajua vizuri yanavyofanya ngozi. Mtoto wa miezi sita kukaa humo ndani ni huruma au ni hatari? Naona mlichokuwa mnakilinda ni mama asipoteze kazi kwa sababu amezaa. Hilo linawezekana kwa chumba cha pembeni na bibi mmoja wa kuwaangalia. Na sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Mwekezaji akisema watoto wasionekane kiwandani, muulize kama amekataa watoto kuwa karibu na mashine au amekataa watoto kabisa. Pengine hata yeye hajajiuliza.

Ya malipo ya siku hiyo hiyo nayo ina kiini chake. Mama aliyekopa unga dukani asubuhi anataka arudi na hela jioni. Kulipwa kwa mwezi kuna uzuri wake, benki inamtambua, anaweza kuweka akiba, ila mwezi mzima ni mrefu kwa mtu asiye na kitu ndani, na ndio hapo mjomba wa mtu anapokwenda kwa kangomba mwezi wa nane. Umeona inavyozunguka? Wanaweza kulipwa mwezi na bado kukawa na mfuko wa kuchukua sehemu ya walichokwisha kukifanyia kazi, bila riba. Waulize wao. Mi sijui wanachopendelea na nadhani na wewe hujawauliza siku nyingi.

Ya mara nne ndio ngumu kuliko zote, na hapa nikupe kisa cha mbali. Kule Vermont, Marekani, vijana wawili Ben Cohen na Jerry Greenfield walianza kuuza aiskrimu mwaka 1978, kampuni ikaitwa Ben & Jerry's. Walikuwa na ahadi inayofanana na yenu kabisa, wa juu asilipwe zaidi ya mara tano ya wa chini. Waliishikilia miaka, njiani wakaipandisha hadi mara saba, mpaka katikati ya miaka ya 1990 walipotafuta mkurugenzi wa kuendesha kampuni iliyokuwa kubwa, hawakupata waliyemtaka kwa hela ile, wakaiacha. Mwaka 2000 wakauza kwa Unilever, ila hawakuuza kienyeji, waliandikiana kuwe na bodi huru ya kulinda misimamo ya kampuni. Bodi hiyo ikadumu na kugombana na wenye mali kwa miaka, na mwaka 2025 Jerry mwenyewe akaondoka akisema uhuru waliouandikiana umetoweka. Sikupi kisa hiki kukutisha. Miaka 25 na zaidi maandishi yale yaliwabana wenye hela kubwa kuliko huyo wako. Lakini pia hayakutosha milele. Yote mawili ni kweli.

Sasa tuje kwenye hela maana barua yako imeipita haraka na mi naona ndio mzizi. Kontena moja kwa mwezi ni tani 16, mwaka mzima 192. Kilo moja ya iliyobanguliwa inataka kilo nne mpaka tano za ghafi, kwa hiyo unahitaji karibu tani 800 mpaka 950 za ghafi. Na korosho hazivunwi mwaka mzima, unatakiwa uzinunue zote kati ya Oktoba na Januari huko uziweke ghalani. Tuseme tu kwa mfano kilo ni shilingi 3,000, hiyo ni zaidi ya bilioni 2.4 kabla hujawasha boila. Ile tani 6 ya mwezi wa pili haikuja kwa sababu wewe ni mwongo mwanangu, ilikuja kwa sababu msimu ni miezi mitatu minne na tumbo la mbanguaji ni miezi kumi na mbili. Sikuondolei kosa, umedanganya wenzako na umenunua jasho la mjomba wa mtu. Ila ukikataa mwekezaji bila kutafuta hela ya akiba kwa njia nyingine, mwezi wa pili utarudi na ile simu italia tena.

Njia nyingine zipo na kila moja ina mwiba wake. Mkopo wa benki, ikiwemo ile ya maendeleo ya kilimo, hauchukui hisa zenu ila unataka dhamana, na bei ya korosho ikiporomoka mnadaiwa vile vile, ule msimu wa 2018 wanunuzi walivyogoma mpaka serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaagizwa kuzibeba hukusahau. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ina fungu la wanawake lakini ni ya vikundi, na kwa ukubwa mlionao haitafika mbali. Kuna kubaki wadogo pia. Umeandika kontena kila mwezi kama vile ni lazima, ni lazima kwa nani? Kuna soko la hapa hapa, Dar, Zanzibar, Arusha, la pakiti ndogo, linalipa vizuri kwa korosho nzima nzuri. Hatari yake ni kwamba halina uhakika wa oda kubwa, na kina mama wengine wanaweza kukaa bila kazi miezi kadhaa. Hiyo nayo ni kuwarudisha nyumbani, tusijifiche.

Kuna pia kukubali mwekezaji kwa masharti mengine. Azimio la kawaida la wenye hisa linapita kwa kura zaidi ya nusu, kwa hiyo mwenye 60 ndiye anayeamua bodi na meneja. Lakini kubadilisha katiba ya kampuni kunataka azimio maalumu, robo tatu ya kura. Maana yake ahadi zikiwa zimeandikwa ndani ya katiba kabla hajaingia, na ninyi mkabaki na zaidi ya asilimia 25 mkiwa kitu kimoja, hawezi kuzifuta peke yake. Angalia hapo, mkiwa kitu kimoja. Kijana wa marehemu akiuza, shoga yako akitoka kwa hasira, unabaki na nini? Na uulize akitaka kutoa hisa mpya huko mbele nyie mtapewa nafasi ya kununua kwanza au mtamezwa kidogo kidogo. Hayo mtafute wakili ayasome, mtu wenu, sio aliyeletwa naye. Wabanguaji wenyewe mnaweza pia kuwapa fungu la hisa kupitia kikundi chao, nalo lina kazi yake na vikao vyake virefu, ila angalau kura za daftari zinaongezeka.

Na wale karibu nusu wasiohitajika. Mashine za umeme zinaongeza kasi lakini kumenya lile ganda la ndani na kuchambua madaraja bado kunataka mikono na macho, kwa hiyo hesabu hiyo ya nusu mwombe aifungue mbele yenu, nani anaondoka, nani anahamishwa chumba, kwa muda gani. Unajua miaka ya 70 viwanda vikubwa vya kubangulia vilijengwa huku kwetu kwa mashine za kigeni, na vingine tumevikuta ni maghala. Mashine peke yake haijawahi kutuokoa kusini. Wala kuikataa peke yake.

Nimebakiza la yule dada. Unaniuliza utalitetea daftari kwa mdomo gani. Umedhani ili uilinde ahadi lazima uwe hujawahi kuivunja, na mi sina hakika na hilo. Yeye ameshajua. Anakuja kila siku anakuamkia na amelibeba peke yake, hajui kama na wewe umelibeba. Kumwambia kuna hatari, anaweza kuondoka, anaweza kusema kwa wengine, mdogo wako atakasirika kwamba mwekezaji atasikia. Wakili umuulize pia linakuwekaje kisheria kabla hujalisema hadharani. Kutomwambia nako kuna hatari yake, kwamba mtaandika katiba nzuri kabisa ya kampuni na mtu mmoja kwenye chumba atakuwa anajua ilivyo. Ungeanza naye yeye peke yake, nyumbani kwake au kwa mjomba wake, au ungeanza na wenzako watatu, sijui. Wewe unawajua.

Ila kabla ya mwekezaji kuja mara ya nne, kama una nguvu, lile daftari litoe. Mpigie kijana wa marehemu apande basi aje, alione jina la mama yake. Mpe mmoja wa wabanguaji wa siku nyingi alisome kwa sauti, ukurasa wote, na wewe usiwe wa kwanza kuongea.

Uniandikie ilivyokwenda, hata kama ilikwenda vibaya. Na hivyo vidole, ngozi ikianza kupasuka tena usiipuuze, nenda kaonyeshe hospitali.

Anti